Bi Dakika Nne na Mkomamanga Usiong'olewa

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mkuu wa Masjala wa Idara ya Maji atafunga kabati la mwisho, atanikabidhi funguo kumi na saba na kwenda nyumbani, akiwa ameitumikia idara hii kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Hizo siku tisa nimeziandika kwa sababu alipoipitia rasimu ya kwanza ya barua hii ya kumuaga aliniuliza zimekwenda wapi.

Tarehe hiyo inaangukia mwanzoni mwa kiangazi, mvua zikiwa zimekata na jua likiwa limeanza kazi. Kwa mtumishi mwingine ingekuwa tarehe tu. Kwake imekuwa tatizo, na tatizo hilo nitalieleza kwa mpangilio, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kwamba barua isiyo na mpangilio hurudishwa kwa aliyeiandika.

Aliajiriwa kama karani wa daraja la mwisho, akapewa meza yenye miguu mitatu na tofali moja. Masjala wakati huo kilikuwa chumba cha kuhifadhia ngazi za mafundi bomba, na majalada yalilala sakafuni chini ya ngazi. Alitumia miaka miwili kuyainua. Mwaka wa tatu, mhandisi mmoja mwenye haraka zake alifika kuulizia ramani ya mabomba ya zamani, akasimama mlangoni akiitazama saa ya mkononi, na ramani ikamfikia kabla hajamaliza kulalamika. Saa ilionyesha dakika nne. Wenzake hawakuamini, wakamjaribu kwa miezi kadhaa, wakaulizia majalada ya visima vilivyokwisha kufukiwa na ya watumishi waliokwisha kuhama. Dakika nne. Mara moja zilifika tano, lakini siku hiyo umeme ulikuwa umekatika. Tangu hapo ni Bi Dakika Nne, kwa wafagizi na kwa wakurugenzi, na ninaamini wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye cheti.

Katika muda wote huo masjala haijapoteza jalada hata moja. Naomba jambo hilo likumbukwe, maana tutalirudia.

Sasa bustani. Hakuna namna ya kumweleza Bi Dakika Nne ukaiacha bustani yake, kwa kuwa kila mtu katika jengo hili amewahi kula kitu kilichotoka humo. Iko nyuma ya nyumba, kati ya mlango wa jiko na ukuta mfupi wa jirani, hatua ishirini na mbili kwa kumi na nne. Nimezipima mwenyewe, kwa amri. Ina matuta tisa ya mboga, mzabibu mmoja uliopanda juu ya kibanda cha kuni, milimau mitatu na mkomamanga mmoja. Kila tuta na kila mti una kibao chenye namba, na namba zote zimo katika jalada la kijani lililofungwa kwa uzi. Jalada lenyewe ni kuukuu, miongoni mwa yale ambayo ofisi ilikwisha kuruhusu yatupwe. Barua ya ruhusa imo ndani, ukurasa wa kwanza.

Kwa miaka thelathini na minne aliomba likizo mara moja tu kwa mwaka, siku kumi na nne, mwanzo wa kiangazi, sababu: shughuli za kifamilia. Ofisa utumishi mmoja, ambaye hakukaa sana, aliwahi kumwandikia kwamba mboga si familia. Alijibiwa kwa barua ya kurasa mbili yenye maswali manane, likiwemo la nani kati ya jamaa zake anahitaji kunyweshwa kila alfajiri na akikosa siku mbili anakufa. Likizo ilitolewa.

Nami nikiwa msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja, nimeingia katika bustani hiyo mara nyingi, na ninaweza kusema kwamba ni ofisi iliyofunguliwa nje. Miche ya nyanya haipandwi moja kwa moja. Kwanza hutolewa ndani, ikawekwa kibarazani kwa siku saba, mchana nje na jioni ndani, ili izoee jua na upepo. Yeye anakiita kipindi cha majaribio. Mche uliolegea siku ya tatu haufukuzwi, ila unaongezewa muda. Baada ya kupandwa, kila mnyanya unafungwa kwenye mti wake kwa utambaa laini, si kwa kamba, na vichipukizi vinavyoota kwapani mwa majani vinakatwa kwa kucha vikiwa vidogo, maana vikiachwa vinakula chakula cha matunda na havileti kitu. Aliponionyesha jambo hilo mara ya kwanza alinitajia vitengo viwili vya idara yetu kwa mfano. Sitavitaja.

Ardhi inafunikwa kwa majani makavu kabla jua halijaikausha. Maharage yanachumwa kila baada ya siku mbili, yawepo ya kula au yasiwepo, kwa sababu ukiyaacha yakomae mmea unadhani umemaliza kazi na unaacha kuzaa. Vidukari wakionekana chini ya majani wanaoshwa kwa maji ya sabuni, mara tatu, kwa tarehe. Maji yanawekwa shinani kabla jua halijatoka, kamwe si juu ya majani, na kamwe si kwa mpira. Hilo la mpira lina historia. Waraka wa idara unaokataza kumwagilia bustani kwa mpira wakati wa kiangazi aliuchapa yeye, mwaka wake wa tano kazini. Mtaani kwake hakuna anayeufuata. Majirani wanasimama na mipira yao wakipiga soga, naye anapita na ndoo mbili, kutoka pipa la maji ya mvua hadi tuta la tisa, safari thelathini kila alfajiri. Nilimwambia kwamba waraka ule ulikwisha muda wake. Akasema hajaiona barua inayousitisha.

Mnajua sasa ni mtu wa aina gani. Nije kwenye mkomamanga.

Ulipandwa miaka ishirini na sita iliyopita na marehemu mume wake. Alikuwa seremala hodari na mtu wa ahadi nyingi. Kabati la vyombo alilomwahidi mke wake halikupata milango, na meza ya kulia ilipata miguu baada ya mtoto wao kuanza shule. Siku moja alirudi na kijiti cha mkomamanga kilichofungwa kwa gazeti bichi, akakichomeka mahali pabaya kuliko pote, kati ya mlango wa jiko na kamba ya kuanikia nguo, akasema mwaka wa tatu watakula komamanga. Mwaka uliofuata aliugua na kufariki. Mti ukashika.

Mwaka wa tatu haukuzaa, wala wa nne. Kila mwanzo wa kiangazi ulijaa maua mekundu, watu wakasimama ukutani kuyatazama, kisha maua yakaanguka yote juu ya shuka zilizoanikwa. Yeye aliukata matawi, akaubadilishia mbolea, akaupunguzia maji, akauongezea. Wifi yake, dada wa marehemu, anayeishi nyumba ya pili, alikuwa akija na kigoda chake kuukagua. Ndiye aliyesema maneno ambayo baadaye mtaa mzima uliyachukua: "Mti huu ni kaka yangu mtupu. Kila mwaka unaahidi."

Mwaka wa saba Bi Dakika Nne alichoka. Ananiruhusu niandike hivyo. Alikaa na jalada la bustani mezani ofisini, saa ya chakula cha mchana, akaandika kwa mwandiko wake ule ulionyooka: "Namba kumi na nne, karibu na mlango wa nyuma. Mwaka wa saba bila zao. Uendelee kutunzwa?" Alikuwa anajiuliza mwenyewe. Akaitwa simu, akainuka, na jalada likabaki mezani, la kijani, kati ya majalada mengine ya kijani. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya kupeleka majalada kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi wa wakati huo aliitwa Mzee Wino. Alikuwa mtu mwema, na hakuwahi kuacha karatasi ilale mezani kwake hata usiku mmoja, jambo ambalo halikumwachia nafasi ya kuzisoma. Inaelekea alidhani namba kumi na nne ni mtambo fulani ulioozea nyuma ya jengo. Jalada lilirudi jioni na maandishi mekundu: "Hauzalishi. Ung'olewe. Utekelezaji mara moja." Chini yake sahihi, tarehe na muhuri.

Hilo ndilo kosa lake pekee ninalolijua, na ninaliweka wazi kwa sababu majalada yenye umri wa zaidi ya miaka kumi na mitano huruhusiwa kusomwa na yeyote, na hili lina miaka kumi na tisa. Amehakiki hesabu.

Mtu mwingine angeichana karatasi ile akaendelea na maisha. Lakini ilikuwa na namba ya ukurasa, na kwake kuchana ukurasa wenye namba ni jambo ambalo halina hata jina. Mtu mwingine angekwenda kwa Mzee Wino akacheka naye. Hiyo ingekuwa kukiri kwamba masjala imechanganya karatasi za nyumbani na za ofisi. Niliwahi kumshauri, wakurugenzi watatu baadaye, aombe tu agizo lifutwe. Akanieleza kwamba sahihi ya kwanza juu ya mti wake ilipatikana kwa bahati mbaya, lakini ya pili angekuwa ameiomba, na mtumishi anayemwomba bosi sahihi kwa faida ya nyumbani kwake ana jina lake, nalo si zuri. Sikurudia.

Kwa hiyo alifanya kitu pekee ambacho kanuni zinaruhusu. Aliliwekea agizo tarehe ya kurudishwa mezani. Masjala ndiyo inayopanga tarehe hizo, na yeye alichagua wiki ya kwanza ya kiangazi. Kila mwaka, wiki hiyo, jalada lilitoka kabatini, likaenda naye likizo, naye akaukagua mti na kuandika: "Umetoa maua. Uamuzi usubiri matunda. Urudishwe mezani mwaka ujao." Akalirudisha jalada kabatini. Siku kumi baadaye maua yalianguka, lakini jalada lilikuwa limekwisha kufungiwa hadi mwaka ujao, na hakuna anayefungua jalada kabla ya tarehe yake. Ameandika maneno hayo mara kumi na nane. Sidhani kama wiki ile aliichagua kwa bahati. Si mtu wa bahati.

Sasa mnaona kwa nini tarehe ya kustaafu ni tatizo. Kanuni ya makabidhiano, ambayo pia aliiandika yeye, inasema mkuu anayeondoka amkabidhi mrithi wake orodha ya maagizo yasiyotekelezwa, na kila agizo linalowezekana kutekelezwa litekelezwe kabla hajaondoka. Orodha niliyoipokea Ijumaa ya tarehe tisa ilikuwa na kipengele kimoja tu. Nilisaini kulipokea jalada la kijani. Akaniambia Jumamosi nifike kwake mapema, kwa kuwa utekelezaji unahitaji shahidi.

Nilifika kukiwa kunapambazuka. Msumeno wa marehemu ulikuwa umeegemezwa ukutani, umenolewa. Hakuugusa. Kwanza tulimwagilia, safari thelathini, mimi kumi na tano na yeye kumi na tano. Kisha tulifunga minyanya, tukakata vichipukizi, tukang'oa karoti zilizobanana ili zilizobaki zipate nafasi, tukatandaza wavu juu ya zabibu kwa ajili ya ndege, tukachuma maharage ya siku mbili. Aliandika kila kitu kwenye karatasi ya pembeni. Jua lilikuwa limepanda, shati langu limelowa, na kazi ilikuwa imekwisha yote, naye akaanza kufagia njia kati ya matuta, njia ambayo alikuwa ameifagia tayari. Hapo ndipo nilipojua kwamba hawezi. Nimemheshimu mama huyu kwa miaka kumi na mmoja na nimempenda kwa karibu yote. Sikuwa nimewahi kumwonea huruma, na sikujua niiweke wapi mikono yangu.

Mkomamanga ulikuwa umejaa maua. Wifi yake alikuja na kigoda, akakaa, na kwa mara ya kwanza hakufanya utani wowote.

Bi Dakika Nne aliweka ufagio chini. Alisema, si kwangu wala kwa wifi yake, "Miaka yote nilikuwa naupa tarehe. Sasa sitakuwa na meza. Nitaupa tarehe gani?"

Akauchukua msumeno, akanyoosha mkono kuliomba jalada ili nisaini ushahidi.

"Bi Dakika," nikamwambia, "sikuja na jalada."

Nilikuwa nimelisahau ofisini. Sijawahi kusahau jalada, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alinitazama kwa muda ambao ningeukadiria kuwa dakika nne.

"Shahidi asiye na jalada ni mgeni tu," akasema. Kisha akautundika msumeno mahali pake. "Mgeni anywe chai."

Tulikubaliana nilete jalada Jumamosi inayofuata. Jumatatu asubuhi nilipokwenda kulichukua, halikuwa kabatini. Nilitoa taarifa kwa maandishi, kama inavyotakiwa, kwa kutumia fomu ya upotevu wa jalada. Idara iliagiza kitabu cha fomu hizo mwaka alioajiriwa, karatasi hamsini, na zote hamsini zilikuwa bado zimo, zimegeuka njano. Nilichana ya kwanza. Naiweka rekodi sawa: upotevu ulitokea jalada likiwa mikononi mwangu, si mwake, baada ya saa moja tu ya kazi katika wiki yangu ya kwanza ya kukaimu. Katika miaka yake thelathini na minne masjala haikupoteza kitu. Aliyepoteza ni mimi, na ninaomba hilo liingizwe katika jalada langu la utumishi.

Alilitafuta. Nataka ieleweke kwamba alilitafuta kwa dhati, kabati moja baada ya jingine, siku kumi na tatu za kazi, na mara mbili kila siku alipumzika kwa chai kwenye meza ndogo iliyo dirishani humo humo masjala. Meza hiyo ina kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa sinia, na juu ya sinia chupa ya chai. Tangu Jumatatu ile sinia limekaa juu kidogo kuliko zamani, na upande wa dirishani ukingo wa kijani unachungulia. Sijainua kitambaa kuangalia ni nini. Yeye pia hakuinua. Siku ya tano alilalamika kwamba chupa inayumba, akaisogeza katikati ya sinia, akaendelea kunywa.

Jana Jumatano, tarehe ishirini na nane, alikaa mezani akajaza sehemu ya mwisho ya fomu kwa mkono wake. Penye "Muda uliotumika kutafuta" aliandika: siku kumi na tatu. Penye "Matokeo" aliandika neno ambalo hakuwahi kuliandika tangu aajiriwe: halikuonekana. Akapiga muhuri. Alichukua muda kidogo kufunga kalamu.

Kanuni ya masjala namba sita inasema agizo ambalo jalada lake halionekani halitekelezwi mpaka jalada lipatikane. Kanuni hiyo, kama mnavyoweza kukisia, aliiandika yeye. Nilimsomea kwa sauti, ili kusiwe na utata. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimesahau mkato, na akatoka nje ya chumba kwa muda mrefu kuliko kawaida. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akadai ni vumbi la makabati. Makabati yale huyapangusa kila siku.

Kwa niaba ya watumishi wote namshukuru. Tumenufaika na kumbukumbu yake, ukali wake, na maharage yake ambayo yalitufikia kila baada ya siku mbili tulipoyahitaji na tulipokuwa tumeyachoka. Zawadi yetu ni ndoo mbili mpya zenye vinyunyizio. Kulikuwa na pendekezo la mpira wa maji wenye urefu wa mita thelathini. Nililikataa, na waliolitoa wameelimishwa.

Wifi yake amenijulisha kwamba maua mengi yameshaanguka juu ya shuka, kama ilivyo desturi ya mti huo. Matatu bado yameshika, na chini yake yamevimba kidogo. Sina maoni.

Bi Dakika Nne, mwaka huu kwa mara ya kwanza kiangazi kitakukuta nyumbani bila kuomba ruhusa ya mtu. Nyanya zako ziwive kwa zamu, ndege wakukose, na mgongo wako uzihimili safari thelathini za kila alfajiri kwa miaka mingi ijayo. Tunakutakia mapumziko marefu, na usiyapangie tarehe ya mwisho.

Jalada tunaendelea kulitafuta. Hatuna haraka.